Mdogo wangu alijichubua kwa ajili ya sendofu, na mjomba mchimbaji ndiye aliyeiona sumu kwenye pete

#1 Dada wa Igombe

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie mpaka mwisho. Mdogo wangu ameniruhusu kuuandika, na nimemsomea kila mstari kabla ya kuuweka hapa.

Sisi ni watoto wa dagaa. Mama anaanika dagaa Igombe, ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza, tangu kabla sijazaliwa. Anayeijua kazi hii anaelewa: mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanamwagwa mchangani, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana mko juani, mnageuza, mnafukuza kunguru, mnakimbizana na wingu la mvua. Mdogo wangu amefanya kazi hiyo kila likizo tangu darasa la nne. Kwa hiyo uso wake, shingo yake na mikono kuanzia pale kanga inapoishia vina rangi moja, mgongo na mapaja vina nyingine. Nyumbani tuliiita rangi ya mchanga. Hakuna aliyewahi kuiona kuwa ni tatizo.

Akachumbiwa. Wakwe walipokuja kwa mara ya pili, mmoja wa mawifi watarajiwa akamtazama na kusema kwa upole kabisa, "Binti ni mzuri, ila jua limemla." Hakuwa na nia mbaya, na chai iliendelea kunywewa. Lakini neno hilo lilibaki ndani ya nyumba yetu baada ya wao kuondoka.

Zilikuwa zimebaki wiki 6 kufika sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Mdogo wangu akaenda mjini, akaingia duka moja la vipodozi, akauziwa kopo jeupe lisilo na lebo yoyote, limefungwa kwa selotepu. Aliambiwa ni "la bi harusi", apake asubuhi na usiku, na asimwambie mtu mpaka matokeo yaonekane. Akatii.

Nisiwadanganye: wiki mbili za mwanzo alipendeza. Uso uling'aa, madoa ya zamani yakafifia, kila aliyepita akamsifu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Umetakata." Neno hilo linaniuma hadi leo. Kutakata ni kutoka uchafu. Nilikuwa namwambia mdogo wangu kwamba rangi aliyoipata akimsaidia Mama kutulisha ilikuwa uchafu, na sasa umeoshwa.

Wiki ya tatu tulipanda pantoni ya Kamanga kumpelekea shangazi kadi Sengerema. Tulisimama nje kwa sababu ndani kulijaa, na upepo wa ziwa ulikuwa mtamu, hatukuhisi joto. Jioni uso wake ulikuwa unawaka kama uliopakwa pilipili. Siku mbili baadaye ngozi ikaanza kubanduka, vikatokea vipele vidogo kidevuni, na mashavuni vikaonekana vimishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi. Vifundo vya vidole vilibaki vyeusi tii, na mkono uliokuwa rangi moja ukawa na rangi mbili. Hapo ndipo aliponionyesha kopo.

Kilichotushtua zaidi ni pete. Ni pete ya dhahabu, ndogo tu, ya uchumba. Asubuhi moja alikuta upande wa ndani na pembeni umekuwa mweupe, mweupe wa bati. Akasugua kwa majivu, hautoki. Kwa kuwa haivui hata anapojipaka, hakufikiria kopo kabisa. Alifikiria mwanaume wake. Alilia usiku kucha akiamini amevalishwa pete ya bandia mbele ya wazee, na kesho yake akaacha kupokea simu zake. Siku tatu nzima uchumba ulikuwa unaning'inia kwenye uzi.

Mjomba wetu alikuja Jumamosi kwa ajili ya kikao cha familia. Amechimba Geita miaka mingi. Aliichukua ile pete, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akauliza swali moja tu: "Wewe mtoto, unashika zebaki wapi?"

Tukatazamana. Akatueleza kwamba kule machimboni dhahabu ikikutana na zebaki inageuka nyeupe, na ndivyo wanavyoikamata kutoka kwenye mchanga. Kisha wanaichoma, zebaki inatoka na moshi, dhahabu inabaki. Mama akaleta kopo. Mjomba hakuligusa kwa mkono, alilifungua kwa kitambaa, akanusa kwa mbali, akalifunga. Akasema, "Pete ni halali. Kilicho haramu ni hiki." Na akatuonya pete isipelekwe kwa sonara ikachomwe ili irudi rangi, kwa sababu moshi ule ndio uliowafanya wenzake watetemeke mikono.

Krimu yenyewe haijapimwa popote, kwa hiyo nawaeleza nilichokiona tu: pete imegeuka, na mtu anayeijua zebaki kwa miaka ameitambua. Sendofu imebaki na siku 12. Aache leo leo au apunguze taratibu? Aende kupima nini? Na kuna yeyote Mwanza aliyepita njia hii akarudi salama? Naomba majibu ya kweli.

#2 Bint Pasiansi

Dada, nimesoma mkono uko mdomoni. Mimi pia nina kopo la hivyo, sina sherehe wala nini, nilianza tu kwa sababu wenzangu wote ofisini wanapaka. Miezi 5 sasa. Nimeenda kuangalia cheni yangu. Nasubiri majibu ya wataalamu pamoja na wewe.

#3 Nesi wa Kanda

Poleni nyote wawili. Nimefanya kazi wodini miaka 11, nyingi nikiwa huku Kanda ya Ziwa.

Ndani ya mkorogo wa dukani huwa kuna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu, na kila kimoja kina tabia yake. Cha kwanza ni haidrokwinoni. Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi, melanini, na haidrokwinoni inazuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Rangi mpya haitengenezwi, ya zamani inabanduka na ngozi iliyokufa, mtu anang'aa. Shida ni kwamba ukiitumia muda mrefu inageuka: inaleta weusi wa kibluu kwenye mashavu na karibu na macho, wenye chembechembe kama mbegu za ulezi, ambao hautoki kirahisi kwa dawa yoyote. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975 baada ya kuuona kwa wanawake waliotumia krimu za kung'arisha, na mwaka 1990 nchi ile ikaipiga marufuku kwenye vipodozi. Anayeuona weusi huo huongeza krimu akidhani haijakolea. Ndipo anapozama.

Cha pili ni steroidi kali, hasa klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali, daktari huziandika kwa pumu ya ngozi na magonjwa mengine. Klobetasoli ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za kupaka: kawaida haitakiwi kupita wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na usoni haipakwi. Sasa fikiria mtu anayejipaka mwili mzima kila siku kwa miaka. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana (hiyo ndiyo umeiona mashavuni), michirizi inatokea mapajani na kwapani, chunusi zinajaa, fangasi wanajificha na kusambaa. Nimeshika wanawake waliojifungua kwa upasuaji ambao mshono ulichukua muda mrefu kufunga kwa sababu ngozi haina nguvu. Na steroidi ikiingia mwilini kwa wingi, tezi zinazotengeneza homoni kama hiyo zinalala. Ndiyo maana aliyetumia miezi mingi mwili mzima asikate ghafla peke yake. Akikata, ngozi inaweza kuwaka moto, na mwili wenyewe ukakosa nguvu mpaka ikawa dharura. Bint Pasiansi, hapo nakusemesha wewe. Nenda kwa daktari ukiwa na kopo lako.

Cha tatu ni zebaki. Nayo inazuia melanini, ni rahisi, ndiyo maana inatiwa. Lakini inapita kwenye ngozi na kwenda kwenye figo. Dalili ambazo ningewaomba mziangalie ni mkojo wenye povu lisiloisha, uso kuvimba asubuhi, miguu kuvimba jioni. Wengine wanatetemeka mikono, wanakosa usingizi, wanakuwa na hasira na kusahau. Na haiishii kwa anayepaka, inahamia kwenye taulo, kwenye mto, kwenye mashavu ya mtoto anayebebwa. Mjamzito inamfikia mtoto tumboni, na anayenyonyesha inapita kwenye maziwa.

Dada wa Igombe, kwa mdogo wako wa wiki 4: kwa sababu ya ile pete, krimu isiguse tena ngozi yake. Lakini kesho asubuhi aende hospitali, siyo baada ya sendofu, aseme ukweli wote, apimwe mkojo kuangalia protini, na damu kuangalia figo. Kipimo cha zebaki yenyewe hakipo kila maabara, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa hakipo, hivyo vingine vipo. Aombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Shuka, taulo na foronya zifuliwe peke yake, mtoto wa nyumbani asilale naye kwanza.

Na wewe usijilaumu kwa kusema "umetakata". Sote tumesema.

#4 Miaka Minne

Kwa heshima zote, naona mnaogopesha watu. Natumia miaka 4, ngozi yangu nzuri, sina michirizi, na biashara yangu inataka nionekane. Mwanamke mweupe anahudumiwa haraka hata benki. Hilo hamlisemi. Mwili ni wangu.

#5 Nesi wa Kanda

Mwili ni wako kweli, na unalosema kuhusu kuhudumiwa haraka nimeliona kwa macho yangu, ni dhuluma. Ninachokuomba ni kimoja: pima mkojo. Kipimo cha protini ni kijiti tu, majibu dakika chache. Figo haziumi zinapoanza kuharibika. Ukikuta uko safi rudi hapa utuambie, nitafurahi kwa moyo wote.

#6 Mhudumu wa Ufukweni

Nichangie kutoka upande mwingine. Nafanya kazi hoteli ya ufukweni, na kwetu tunaona kinyume chake. Mwaka jana alikuja mgeni kutoka Ulaya, rafiki wa bi harusi mmoja wa hapa, na alikuwa mpambe. Gauni lake lilikuwa na mikanda myembamba mabegani, na alitaka awe kahawia kwenye picha. Siku tatu kabla ya harusi akatandika taulo saa tano asubuhi akaanza kuota jua. Nilimwambia, "Dada, jua la hapa silo la kwenu." Akanijibu kwa tabasamu kwamba kuna mawingu na upepo wa baridi.

Mwanza iko kama digrii 2.5 tu kusini mwa Ikweta, na ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua linasimama utosini, na kadiri unavyopanda juu ndivyo mionzi yake isiyoonekana inavyozidi. Wingu jepesi halizuii, sehemu kubwa ya mionzi inapita. Upepo unapoza ngozi lakini hauzuii kuungua. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kusomea, ndiyo maana utawakuta na shati la mikono mirefu saa saba mchana.

Ngozi ikipigwa jua kali inaungua kwanza, wekundu unafikia kilele ndani ya saa 12 hadi 24. Ile rangi ya kahawia wanayoitafuta huja baada ya siku mbili tatu, na ni ngozi inayojihami baada ya kuumizwa. Yeye aliamka na malengelenge mabegani. Siku ya harusi alivaa gauni la mpambe juu ya bandeji, na mikanda ile hakuweza kuifunga.

Alinisimulia kwamba kwao kuna vitanda vya taa vya kuota jua ndani ya nyumba, watu wanalipia kabla ya sherehe. Mwaka 2009 IARC, chombo cha Shirika la Afya Duniani kinachotafiti saratani, kiliviweka vitanda hivyo kwenye kundi la 1, kundi moja na tumbaku, na Brazil ikavipiga marufuku mwaka huo huo. Wanaoanza wakiwa vijana wana hatari kubwa zaidi ya melanoma, saratani ya ngozi inayosambaa haraka. Na kinga unayoipata kutokana na ule ukahawia ni ndogo mno, kama ya mafuta ya kukinga jua yenye SPF 3 au 4. Wenye busara kwao wanapulizia rangi ya kupaka inayoshika kwenye ngozi iliyokufa ya juu na kuondoka yenyewe ndani ya wiki moja.

Nilipokuwa nampelekea maji ya baridi kitandani, ndipo akaniambia bi harusi mwenyewe, rafiki yake, alikuwa anatumia krimu ya kumfanya mweupe. Mmoja alikuwa anaitafuta rangi, mwenzake anaikimbia, na siku ya harusi wote wawili walikuwa wanaumwa.

#7 Mtoto wa Nansio

Salamu kutoka Ukerewe. Mimi nina ualbino, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo.

Mwili wangu hautengenezi melanini ya kutosha. Kila mnachokisoma hapa kuhusu jua, mimi nimekiishi tangu nikiwa na miaka mitatu. Melanini inakaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli, inazuia mionzi isiharibu vinasaba. Ninyi mmezaliwa na mwavuli huo. Mimi nauvaa kila asubuhi: kofia pana, mikono mirefu, miwani, na mafuta ya kukinga jua. Yale ninayotumia yanatengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, na sisi wenye ualbino hutugawia bure. Nayapaka kama mtu anayepaka uhai.

Nimezika marafiki wawili. Mmoja kidonda kilianzia kwenye mdomo wa chini, kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, akakaa nacho kwa sababu nauli ya meli ilikuwa shida. Hakufika miaka 30.

Ndiyo maana ninapoona dada mwenye ngozi kamili analipa fedha ili mwavuli wake utobolewe, kisha anapanda pantoni saa sita mchana, roho yangu inauma. Mdogo wako aliungua ile siku kwa sababu hiyo, dada. Mwambie nampa pole. Na mwambie kitu cha matumaini: ile rangi ya mchanga ilikuwa inaweza kufifia yenyewe. Ngozi ya juu inajibadilisha kwa muda wa kama wiki 4, na sehemu iliyokolezwa na jua ikifunikwa vizuri hupungua taratibu ndani ya wiki na miezi. Ilihitaji shati na kofia. Haikuhitaji kopo.

#8 Mpiga Picha wa Makongoro

Mimi ni mpiga picha za harusi, na nakiri sisi tuna mchango wetu. Mabinti wanaona picha tulizozipiga vibaya, wanadhani kosa ni rangi yao.

Gauni jeupe linaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Fundi anayejua anapima mwanga usoni, siyo kwenye gauni. Tatizo la pili ni mekapu: faundesheni na poda nyeupe kuliko shingo, ukija mwanga wa kamera usiku ukumbini, uso unatoka kama umepakwa jivu. Mwambieni fundi wa mekapu alinganishe na kifua na shingo, na ajaribishe kwa picha yenye mwanga kabla ya siku yenyewe. Na mkitaka picha za mawe na ziwa, njooni kuanzia saa kumi na moja jioni. Jua likilala juu ya maji, ngozi nyeusi inang'aa kama shaba, sihitaji kugusa chochote kwenye kompyuta. Anayejichubua ndiye mgumu kumpiga: uso rangi moja, vidole rangi nyingine, na kwenye picha ya kuvalishana pete vidole ndivyo vinavyotazamwa.

#9 Mfamasia Mstaafu

Kwa kifupi, wanangu. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku Tanzania miaka mingi. Tangu 2019, TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe, liacheni dukani, hata muuzaji awe ndugu yenu. Kwenye lebo zebaki hujificha kwa majina kama kalomeli au kloridi ya zebaki. Na kuna onyo moja nawaomba mlikariri: krimu ikikwambia usiiguse na dhahabu, fedha au aluminiamu, hiyo imekwisha kujitaja. Pete ya binti yetu imesema kitu hicho hicho.

Duniani upo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Jina ni la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, ikaingia kwenye samaki, na waliokula samaki wakaharibika neva. Wagonjwa walianza kutambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba ulianza kwa kukataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana viondolewe vyote ifikapo 2025. Watu wa ziwa mnaokula samaki kila siku, msilitupe kopo hilo majini wala msilichome. Lifungeni kwenye mifuko miwili, mlipeleke kwa afisa afya.

#10 Dada wa Igombe

Nimerudi. Zimepita wiki 3, samahanini kwa ukimya, sendofu ilitumeza.

Alienda hospitali siku ile ile aliyosema Nesi. Mkojo ulikutwa na protini kidogo. Damu iko sawa. Daktari alisema kwa kuwa ameacha mapema kuna matumaini makubwa yajisafishe, ila arudi kupima kila baada ya muda, na asitumie dawa za maumivu ovyo kwa sasa kwa sababu nazo zinazigusa figo. Usoni alipewa mafuta ya kawaida yasiyo na harufu na ya kukinga jua SPF 50. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, ngozi iliwasha na kuwa nyekundu, alitaka kurudia kopo ili itulie. Usiku mmoja Mama alilala naye, akimpepea.

Kopo tulilifunga kama mzee wetu alivyoelekeza, nikalipeleka. Dukani alikolinunua nilipita. Yapo mengine, yamepangwa yale yale. Nimetoa taarifa, nasubiri.

Mchumba wake tulimwita, tukamweleza kwa nini hakupokelewa simu siku tatu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyemwambia mchumba wake kwamba jua limemla. Hatukumtaja. Nadhani amejua, kwa sababu wifi yule alikuja peke yake siku mbili kabla ya sendofu, na kanga mbili mpya, akakaa na mdogo wangu chumbani mlango umefungwa. Sijui walisemezana nini na sitauliza.

Mekapu alipakwa ya rangi yake. Vimishipa mashavuni bado vinaonekana kwa karibu. Picha tulipigia kwenye mawe, saa kumi na moja na nusu, mpiga picha wa hapo juu asante sana. Mjomba ndiye aliyemshika mkono kumwingiza ukumbini.

Anataka kuwaandikia mwenyewe, nampa simu.

#11 Dada wa Igombe (anaandika mdogo mtu)

Shikamooni. Mimi ndiye mwenyewe.

Nawashukuru wote, na kaka wa Nansio zaidi. Nilisoma ujumbe wako mara nyingi kuliko mingine. Jana nimerudi mchangani na Mama, nimevaa kofia ya ukindu na shati la kaka la mikono mirefu, mafuta nimepaka asubuhi na nikarudia saa sita. Watu walinicheka kidogo, nimezoea.

Pete haijarudi rangi. Mume mtarajiwa alitaka anunue nyingine, nikakataa, naivaa hii hii upande wa dhahabu ukiwa juu. Nesi alituambia tumwulize daktari kama ni salama, akasema madoa hayo ni ya juu tu, nisiichome, na nisiilambe kama nilivyozoea nikiwaza. Nimeacha.

Dada Miaka Minne, kama bado unatusoma, sikukasirikia maneno yako. Hata mimi benki walinihudumia haraka zile wiki mbili. Niliona.

Bint Pasiansi, nimekutumia ujumbe pembeni ukanijibu kwamba unaogopa kwenda peke yako. Jumatatu narudi kupima mkojo. Napanda daladala ya saa kumi na mbili na nusu kutoka Igombe, nitashuka Pasiansi nikusubiri kituoni. Njoo na kopo lako kwenye mfuko. Nitakuwa nimevaa kofia, utanijua.